Kumhamisha Paka Ng'ambo: Tarehe Kwanza, Tiketi Baadaye

Wengi wanaopanga kuhamia nchi nyingine na paka huanza kwa kuuliza ni shirika gani la ndege linalobeba paka. Swali hilo lina wakati wake, ila bado haujafika. La kuanza nalo ni hili: nchi unayohamia inaichukuliaje nchi unayotoka katika suala la kichaa cha mbwa? Jibu lake ndilo litakaloamua kama maandalizi yatachukua mwezi mmoja au zaidi ya nusu mwaka, na kama paka atakwenda nyumbani nawe siku ileile ya kutua au ataanzia karantini.

Nchi zinazopokea wanyama huzigawa nchi nyingine kwa makundi. Umoja wa Ulaya una orodha yake: paka anayetoka nchi iliyomo anahitaji chipu (kifaa kidogo cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi), chanjo na cheti, anayetoka nje ya orodha huongezewa kipimo cha damu na miezi mitatu ya kusubiri. Japani inatambua maeneo machache tu kuwa hayana ugonjwa huo. Paka wa kwingineko huchanjwa mara mbili, hupimwa damu, kisha husubiri siku 180. Australia na New Zealand huweka pia karantini isiyopungua siku 10, hata kama karatasi hazina doa, na Australia haimpokei kabisa paka anayekuja moja kwa moja kutoka nchi ambayo haijaiidhinisha. Lazima kwanza apitie nchi iliyoidhinishwa na taratibu zikamilishwe huko. Marekani ni kinyume: kwa paka, serikali kuu haidai chanjo ya kichaa cha mbwa, ingawa majimbo mengi yanaidai, na Hawaii, kwa kuwa haina ugonjwa huo, ina masharti yake, yakiwemo ya karantini ya hadi siku 120 kwa asiyetimiza maandalizi ya mapema.

Masharti hayo yasome kwenye tovuti ya idara ya mifugo ya nchi unayokwenda. Mtu wa kaunta ya ndege anajua kanuni za shirika lake, na rafiki aliyehama na paka miaka mitatu iliyopita anajua kanuni za wakati ule. Soma pia masharti ya nchi unayobadilishia ndege. Ukitoka eneo la wasafiri wanaounganisha, ukachukua mizigo na kuikabidhi upya, kisheria paka ameingia nchi hiyo, hata kama ni kwa saa mbili.

Hesabu kalenda kinyumenyume

Tuchukue paka anayetoka nchi isiyo kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, na mwenyewe anataka kutua tarehe 1 Septemba. Cheti cha afya hudumu siku 10 tangu kutolewa hadi kukaguliwa kwenye lango la kuingilia, kwa hiyo hakiwezi kutolewa kabla ya tarehe 22 Agosti. Damu lazima iwe imetolewa miezi mitatu kamili kabla ya kuingia, yaani si baada ya 31 Mei. Na damu hiyo haitolewi mpaka zipite angalau siku 30 tangu chanjo, hivyo chanjo ni tarehe 1 Mei kwa kuchelewa sana. Chipu huwekwa siku hiyohiyo au kabla yake.

Hiyo ni ratiba isiyo na nafasi hata ya siku moja kuteleza. Sampuli ikiharibika njiani, kiwango kikitoka chini au daktari akiwa safarini, kila kitu kinasogea. Mwenye busara huongeza wiki sita na kuanza katikati ya Machi. Kwa Japani, kati ya chanjo ya kwanza na ya pili zipite siku 30 au zaidi, damu itolewe, halafu siku 180 zihesabiwe kuanzia siku ya kutolewa damu. Hapo unazungumzia miezi saba au minane, na taarifa rasmi ya kuwasili lazima ifike kwao siku 40 au zaidi kabla ya kutua.

Watu huona kusubiri huku kama urasimu mtupu, na ndiyo maana hujaribu kuomba kupunguziwa. Haipunguzwi, kwa sababu kipimo na kusubiri hujibu maswali mawili tofauti. Kipimo cha damu hupima kingamwili, yaani kinga ambayo mwili hutengeneza baada ya chanjo, na huonyesha kwamba chanjo ilikubali mwilini. Hakionyeshi kama paka alikuwa ameshaumwa na mnyama mgonjwa kabla ya kuchanjwa. Virusi vya kichaa cha mbwa husafiri polepole kupitia mishipa ya fahamu kuelekea kwenye ubongo, na dalili zinaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kujitokeza. Miezi ile ya kusubiri ni ya kumpa muda mnyama aliyekwisha kuambukizwa adhihirike akiwa bado upande wa kule.

Chipu kabla ya sindano

Chipu inayotakiwa karibu kila mahali ni yenye tarakimu 15, inayofuata viwango vya ISO 11784 na 11785 na kusomwa kwa masafa ya kilohezi 134.2. Chipu za zamani zenye tarakimu 9 au 10 hazisomeki kwa skana nyingi za viwanja vya ndege. Paka mwenye chipu ya aina hiyo ama awekewe ya pili, na namba zote mbili ziandikwe kwenye hati, ama mwenyewe abebe skana inayoisoma.

Kosa linalowatia watu hasara kuliko yote katika safari hizi ni la mpangilio: paka amechanjwa Januari, chipu ikawekwa Februari. Kwa Umoja wa Ulaya na nchi nyingi nyingine, chanjo ile haihesabiki, kwa kuwa hakuna kinachothibitisha kwamba mnyama aliyechanjwa Januari ndiye huyu. Paka atachanjwa upya na siku zitaanza kuhesabiwa upya. Vyote vikifanywa siku moja ni sawa, mradi chipu itangulie na daktari aisome kabla ya kuchoma chanjo.

Kila unapofika kliniki, omba chipu isomwe kabla ya jambo lolote. Chipu huchomwa katikati ya mabega, lakini nyingine huhama kidogo chini ya ngozi hadi begani au ubavuni, na mara chache sana huacha kusomeka. Ni heri kugundua hilo miezi minne kabla kuliko mbele ya afisa. Namba inakiliwe kutoka kwenye skana, isinakiliwe kutoka kwenye karatasi ya zamani. Tarakimu mbili zikipishana nafasi, paka kwenye cheti na paka kwenye kizimba ni wanyama wawili tofauti.

Kwa safari ya Ulaya, paka lazima awe ametimiza wiki 12 siku ya chanjo ya kwanza, na chanjo hiyo huanza kutambuliwa baada ya siku 21. Siku ya sindano ni siku ya sifuri. Anayeihesabu kuwa ya kwanza hufika mapema kwa siku moja na kuzuiwa kwa siku moja. Chanjo ya kurudia iliyotolewa kabla ile ya awali haijaisha haina kusubiri. Ikichelewa hata kwa siku moja, huhesabiwa kama ya kwanza kabisa, na matokeo ya damu yaliyotegemea mfululizo ule hufa pamoja nayo. Hapa inafaa kuangalia kadi kwa makini: baadhi ya chanjo zimesajiliwa kwa miaka mitatu, lakini daktari akiandika kwenye kadi kwamba inaisha baada ya mwaka mmoja, afisa atasoma kilichoandikwa.

Damu

Kiwango cha kufaulu ni uniti za kimataifa 0.5 kwa mililita. Maabara iwe kwenye orodha inayotambuliwa na nchi unayokwenda. Majibu ya maabara nyingine, hata iwe bora kiasi gani, hayapokelewi. Damu huwekwa kwenye chupa isiyo na dawa ya kuzuia kuganda, huachwa igande, huzungushwa kwenye mashine, na kinachotumwa ni yale majimaji ya juu, yaani seramu, ikiwa imepozwa kwa pakiti za barafu. Namba ya chipu iandikwe kwenye chupa na kwenye fomu. Damu nzima ikigandishwa kwenye friza, seli hupasuka na sampuli huwa haifai.

Kuna mtego mdogo kwenye muda wa kutoa damu. Baada ya chanjo ya kwanza, kingamwili hupanda na kufikia kilele ndani ya wiki nne hadi sita hivi, kisha huanza kushuka. Paka aliyechanjwa mara moja tu na kupimwa miezi minane baadaye anaweza kukosa 0.5 ingawa chanjo yake bado hai. Ndiyo sababu madaktari wenye uzoefu wa kazi hii hupenda kutoa damu mara tu siku 30 zinapopita, au kuchanja mara mbili kabla ya kupima. Akishindwa, huchanjwa tena na kipimo hurudiwa.

Anayehama na kutarajia kurudi siku moja afikirie pia upande wa pili. Kuingia nchi yenye masharti mepesi ni rahisi, kutoka humo kurudi kwenye masharti magumu ni habari nyingine. Kwa Umoja wa Ulaya, kipimo kilichofaulu hubaki halali maisha yote ya paka iwapo chanjo hazikatiki, kwa hiyo kukifanya mapema hakupotezi kitu. Kwa Japani matokeo hudumu miaka miwili.

Cheti na sahihi zake

Cheti cha afya hakitolewi na kliniki yoyote uipendayo. Kinatakiwa kisainiwe na daktari wa serikali, au na daktari aliyeidhinishwa kisha kikathibitishwe na serikali. Uliza mapema ofisi hiyo iko wapi, inafungua siku zipi, na huchukua muda gani, maana dirisha la siku 10 likiwa na wikiendi mbili na sikukuu katikati hubaki jembamba sana.

Cheti cha Umoja wa Ulaya kinatakiwa kiwe kwa Kiingereza na kwa lugha rasmi ya nchi ya kwanza kuingia. Wasafiri wengi huteleza hapo: mtu anahamia Hispania, ndege inatua Frankfurt, naye ana cheti cha Kihispania. Frankfurt ndiko anakoingia Umoja, basi ni Kijerumani. Aingie pia kupitia lango lililoidhinishwa kwa wanyama wa wasafiri. Si kila kiwanja kimo. Baada ya ukaguzi huo, cheti humruhusu paka kuzunguka ndani ya Umoja kwa miezi minne, mradi chanjo isiishe.

Kuna kanuni ya siku tano isiyojulikana sana. Paka huhesabika kuwa wa msafiri, si bidhaa, iwapo mwenyewe au mtu aliyemwidhinisha kwa maandishi anasafiri ndani ya siku tano kabla au baada yake. Uingereza nayo ina kanuni kama hiyo. Ukitangulia kwa mwezi mzima ili utafute nyumba kwanza, paka wako anayefuata ataingia chini ya sheria za biashara, zenye cheti tofauti na ukaguzi mwingine. Mpango wa nyumba na mpango wa paka ni mpango mmoja.

Kabla ya kuondoka kwenye ofisi iliyogonga muhuri, kaa kwenye benchi la nje na usome kila ukurasa. Jina lako ni kama lilivyo kwenye pasipoti? Namba ya chipu imeandikwa sawa kila inapotokea? Tarehe ya kuweka chipu haiji baada ya tarehe ya chanjo? Namba ya toleo la chanjo ipo? Kurasa zote zina muhuri, na visehemu visivyokuhusu vimekatwa kwa mstari na kusainiwa? Kufuta kwa wino mweupe hakukubaliki popote. Rangi ya sahihi na muhuri iwe tofauti na maandishi yaliyochapwa. Wino wa bluu umewaokoa wengi na tuhuma za nakala.

Kabini, mzigo wa abiria au kago

Sasa ndipo swali la ndege linapofika. Njia ni tatu: paka akae miguuni pako ndani ya kabini, aende sehemu ya mizigo ya ndege uliyopanda, kama mzigo wako, au asafirishwe kago kwa hati yake mwenyewe. Wakati mwingine huchagui. Uingereza haimpokei paka kwa ndege isipokuwa kama kago kupitia njia zilizoidhinishwa, na anayetua Heathrow hukaguliwa kwenye kituo cha wanyama cha hapo kwa saa kadhaa kabla ya kukabidhiwa. Wapo wanaotua Paris au Amsterdam na paka kabini kisha wakavuka kwa gari kupitia handaki la bahari. Njia hiyo ni halali, lakini inadai karatasi za kuingia Umoja wa Ulaya na karatasi za kuingia Uingereza, zote mbili. Treni za abiria za Eurostar hazibebi paka.

Kabini ni bora panaporuhusiwa. Kikomo cha kawaida ni takriban kilo 8 pamoja na begi, na begi laini la kilo moja na nusu humwachia paka kilo sita na nusu. Paka mnene huanza kupunguzwa uzito miezi kadhaa kabla, taratibu, kwa kuwa paka anayeacha kula ghafla anaweza kuharibika ini. Urefu wa begi kwenda juu huamuliwa na nafasi iliyo chini ya kiti, na nafasi hiyo hutofautiana kati ya ndege na ndege. Viti vya daraja la juu mara nyingine havina nafasi kabisa. Safu ya mlango wa dharura na ile ya mbele isiyo na kiti mbele yake haziruhusiwi.

Mashirika huweka idadi ndogo ya wanyama kwa kila safari. Piga simu, hakikisha nafasi ya paka ipo, ndipo ulipe tiketi yako, na omba uthibitisho wa maandishi. Safari ikihusisha mashirika mawili, uthibitisho uwe kutoka kwa yote mawili. Wakibadilisha aina ya ndege wiki moja kabla, uliza tena.

Sehemu ya mizigo inaogopwa kupita kiasi, na inaogopwa kwa sababu zisizo zake. Hewa yake ina shinikizo sawa na la kabini, na chumba kinachobeba wanyama hupashwa joto. Rubani hupewa taarifa kwamba kuna mnyama. Hatari kubwa iko chini, kwenye lami: kizimba kinachongoja juani karibu na ndege, mkokoteni uliochelewa, baridi ya usiku. Mashirika mengi hukataa wanyama joto likizidi takriban digrii 29 au likishuka chini ya 7, na mengine hufunga huduma hiyo msimu mzima wa joto. Chagua ndege ya moja kwa moja. Ikishindikana, chagua kiwanja chenye kituo cha wanyama na uache muda wa kutosha. Kuunganisha kwa dakika hamsini kunaweza kukufikisha wewe na kumwacha paka. Ndege ya usiku kwenye msimu wa joto, ya mchana kwenye msimu wa baridi.

Paka wenye pua bapa, kama Persian, Himalayan na Exotic Shorthair, hupumua kwa shida wakipata joto au hofu, na mashirika mengi hayawapokei kabisa kwenye sehemu ya mizigo. Kwa hao, kama kabini haiwezekani, ningesita sana.

Kizimba

Vipimo vinatoka kwenye kanuni za kubeba wanyama hai za IATA, jumuiya ya kimataifa ya mashirika ya ndege. Pima paka akiwa amesimama wima kwa kawaida. A ni urefu kutoka ncha ya pua hadi mwanzo wa mkia. B ni kimo kutoka sakafuni hadi kiwiko. C ni upana wa mabega. D ni kimo kutoka sakafuni hadi juu ya kichwa au ncha za masikio, kipi kilicho juu zaidi. Urefu wa ndani wa kizimba ni A na nusu ya B. Upana ni C mara mbili. Kimo ni D na unene wa tandiko.

Paka mwenye A ya sentimita 46, B ya 16, C ya 14 na D ya 34, mwenye tandiko la sentimita 3, anahitaji urefu wa 54, upana wa 28 na kimo cha 37 kwa ndani. Akiwa wa pua bapa, ongeza asilimia 10 kila upande: takriban 60, 31 na 41. Madukani vipimo vilivyobandikwa mara nyingi ni vya nje, basi nenda na futi. Kimo ndicho kinachowakamata wengi, na ukweli wa kaunta ni huu: paka akigusa dari kwa masikio, kizimba kinakataliwa na ndege inaondoka bila yeye.

Kizimba cha kwenda sehemu ya mizigo kiwe cha plastiki ngumu au mbao, chenye matundu ya hewa pande zote nne, mlango wa chuma, na nusu mbili zilizofungwa kwa skrubu na nati za chuma. Vibanio vya plastiki pembeni hufyatuka kizimba kikianguka. Ncha za nondo za bawaba za mlango zitokeze angalau sentimita 1.6 juu na chini ya tundu la mlango, la sivyo mlango huweza kusukumwa na kung'oka. Magurudumu yatolewe. Vikombe vya chakula na maji vifungwe kwenye mlango ili vijazwe kutoka nje bila kuufungua; maji yakigandishwa kwenye kikombe usiku uliotangulia, hayamwagiki wakati wa kupakia na huyeyuka kidogokidogo. Chini weka pedi ya kunyonya mkojo, juu yake kitambaa chembamba chenye harufu ya nyumbani kisichofuliwa. Majani makavu hayaruhusiwi nchi nyingi. Lebo ya mnyama hai na mishale ya upande wa juu zibandikwe. Funga pembe nne za mlango kwa vibana vya plastiki baada ya ukaguzi, na ubebe vya akiba, kwa sababu wakaguzi huvikata.

Weka kila paka peke yake, hata wale wanaolala pamoja kila siku. Paka aliyeogopa humshambulia aliye karibu, na hapo hakuna wa kuwaamua.

Kumzoesha, na suala la dawa

Kizimba kiingie ndani ya nyumba miezi miwili kabla. Kitoe nusu ya juu, weka chakula ndani, usimwingize kwa nguvu. Akishalala humo mwenyewe, rudisha kifuniko, kisha mlango. Funga kwa dakika moja, kisha kumi, kisha saa moja. Halafu gari. Paka anayeona kizimba siku ya safari tu ameshajifunza kwamba kizimba maana yake ni kliniki. Sambamba na hilo, mvalishe mshipi wa kifuani mpaka akae nao bila kujiviringisha.

Kumlewesha kwa dawa za usingizi hakushauriwi, na mashirika mengi humkataa mnyama aliyelegea. Acepromazine, dawa ya zamani ya kutuliza, hushusha shinikizo la damu na kuvuruga uwezo wa mwili kudhibiti joto, kisha haiondoi hofu yenyewe. Paka huogopa vilevile, ila hawezi kujisogeza. Kwa paka mwenye hofu kali, madaktari wengi siku hizi hutoa gabapentin, mara nyingi miligramu 50 hadi 100, saa mbili au tatu kabla ya kuondoka, kwa dozi ndogo zaidi kama figo ni dhaifu. Dozi apange daktari, na ijaribiwe nyumbani siku ya kawaida. Wengine huyumba kama walevi na ni bora ujue mapema. Anayetapika garini apewe dawa ya kichefuchefu. Dawa ya feromoni, yaani harufu ya kumtuliza paka, ipulizwe kitambaani dakika 15 kabla ya paka kuingia, ili alkoholi iruke.

Paka mzee apimwe figo, shinikizo la damu na moyo kabla hujalipia chochote. Matokeo yakiwa mabaya, kumwachia mtu anayempenda ni uamuzi wa kuheshimiwa kama kumchukua.

Siku yenyewe

Mlo mwepesi saa nne hadi sita kabla ya kuondoka, maji bila kizuizi, kucha zikatwe siku iliyotangulia. Karatasi halisi zikae mkononi mwako. Juu ya kizimba bandika nakala. Paka wa kago ambaye hati zake lazima ziende naye huwekewa kwenye mfuko uliofungwa, nawe ubaki na nakala za rangi.

Kwenye ukaguzi wa usalama begi hupita kwenye mashine, paka hapiti. Utatakiwa umtoe. Hapo ndipo paka hupotea viwanjani, kwa hiyo omba chumba cha faragha, ambacho viwanja vingi vinacho, na umtoe akiwa amevaa mshipi huku kamba imezungushwa kiganjani. Asipokojoa kwa saa kumi na mbili au kumi na sita, usihangaike. Paka wengi hujizuia safari nzima. Ukitaka kumpa nafasi, trei ya kukunja na mchanga kidogo kwenye choo kikubwa chenye mlango wa kufunga vinatosha.

Panga kutua siku ya kazi, mchana. Lango ambalo daktari wa zamu hayupo humfanya paka alale hapo. Afisa ataanza na skana, kisha karatasi. Kasoro ikionekana, kanuni za Ulaya zinaruhusu mambo matatu: kumrudisha alikotoka, kumweka karantini kwa gharama yako mpaka masharti yatimie, au, yote mawili yakishindikana, kumuua. La tatu ni nadra, lakini limo kwenye maandishi.

Nyumba mpya

Chumba kimoja, mlango umefungwa, madirisha yamekaguliwa. Trei upande mmoja, chakula upande mwingine, na kizimba kilekile wazi kama pango la kujificha. Chakula na mchanga wa choo viwe vya aina aliyoizoea. Beba vya wiki mbili kama nchi inaruhusu kuingiza, la sivyo tafuta mapema vinavyopatikana huko. Atajificha siku moja au mbili, na hilo ni la kawaida. Kutokula kabisa kwa saa 48 si la kawaida, hasa kwa paka mnene, kwa kuwa mafuta huanza kujazana kwenye ini. Dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka apelekwe kliniki saa hiyohiyo, hata usiku.

Asitoke nje kwa wiki tatu au nne za mwanzo, na kwenye ghorofa weka wavu kabla ya kufungua dirisha. Wiki ya kwanza badilisha namba ya simu na anwani kwenye rejista ya chipu, au isajili upya kwenye rejista ya nchi mpya. Skana husoma tarakimu tu, na tarakimu zilizofungwa kwenye simu uliyokwisha kuizima haziwezi kumrudisha paka. Daktari mpya ahamishie tarehe za chanjo kwenye kumbukumbu zake, na kikumbusho cha chanjo ijayo kiwekwe mwezi mmoja kabla ya ile ya sasa kuisha.